Kadi ya Ndani

Asikiaye la mkuu huvunja guu, tena guu la mtu mwingine. Wahenga walisema kinyume chake, na wahenga wana heshima zao, lakini hawakuwahi kufanya kazi katika chumba cha mvuke.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya hospitali, kati ya kwa dobi na ukuta wa jenereta. Kulikuwa na makarai mawili ya chuma, meza ndefu ya kukunjia vitambaa vya kijani, na mashine kubwa ya mvuke yenye mlango mzito wa duara. Humo visu, mikasi na koleo za upasuaji zilioshwa, zikafungwa furushi furushi, kisha zikapikwa kwa mvuke mpaka kijidudu cha mwisho kisalimu amri.

Mkuu wa chumba alikuwa mama mmoja mnene wa mwili na mwembamba wa subira. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja kazini, na ilikuwa imebaki miezi mitatu tu astaafu. Msaidizi wake alikuwa binti wa kaka yake. Alimlea tangu baba yake alipofariki, akamsomesha, akamtafutia kazi hiyo kwa kupiga hodi kila ofisi mpaka milango ikamchoka. Huyo binti wauguzi walimwita Kijembe. Jina hawakumpa bure, maana ulimi wake uliweza kumpasua mtu bila nusukaputi.

Kila furushi lililotoka chumbani humo lilikuwa na mashahidi wawili. Shahidi wa nje alikuwa utepe wa kubandika, mweupe wenye mistari hafifu; joto likiupata, mistari inageuka myeusi tii. Shahidi wa ndani alikuwa kadi ndogo inayotumbukizwa katikati ya vyombo. Utepe ni mwepesi wa kukubali, ukionja joto kidogo tu unasema ndiyo. Kadi haikubali, haigeuki nyeusi, mpaka mvuke ufike moyoni mwa furushi na ukae humo dakika zake zote. Lakini nani ana muda na kadi? Utepe ndio unaoonekana mlangoni. Kadi hutupwa pamoja na vitambaa, haijatazamwa na jicho la mtu.

Miaka miwili nyuma, siku moja ambayo umeme ulikatika mara tatu kabla ya saa sita, Kijembe aligundua dawa. Aliubandua taratibu utepe uliokwisha kuwa mweusi kwenye mafurushi ya jana, akaubandika kwenye mafurushi mabichi. Shangazi alicheka mpaka akashika meza. "Wewe mtoto, shetani akikuona anachukua daftari aandike!" Tangu siku hiyo vipande vya utepe mweusi vilihifadhiwa chini ya kifuniko cha bati la biskuti. Wakaviita akiba.

Na wakati huo wote Kijembe alikuwa mwimbaji wa kwaya, mwaka wa tisa, sauti ya kwanza. Jumapili alipandisha mikono, Jumatatu akapandisha mabega. Sabuni ya hospitali ilikwenda naye nyumbani, na siri za wagonjwa zilifika sokoni kabla wenyewe hawajaruhusiwa kutoka wodini.

Miezi minane kabla ya siku ninayoisimulia, alikuwa akikusanya vitambaa vilivyotoka kwenye upasuaji, kadi moja ikamwangukia mguuni. Akaiokota. Utepe wa furushi lile ulikuwa mweusi tii. Kadi ilikuwa nyeupe kama siku ilipotoka kiwandani.

Hakuona malaika, wala hakusikia sauti. Ilikuwa kama mtu aliyewashiwa taa katika chumba alichokizoea gizani, akaona alichokuwa akikikanyaga siku zote. Furushi lile lilikuwa yeye. Mistari yote nje, ndani hakujafika kitu. Miaka tisa alimwimba Kristo, na katika miaka tisa hiyo hakuwahi kumruhusu ashuke chini ya koo. Kijembe akapiga magoti palepale kwenye sakafu yenye maji, akasema maneno mawili tu: "Bwana, ingia."

Kuanzia hapo watu walishindwa kumwelewa. Sabuni ilirudi, na zaidi ya ile iliyochukuliwa. Wafagiaji aliokuwa akiwaruka kama madimbwi akaanza kuwaamkia kwa heshima zao. Alimfuata muuguzi ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemchafulia jina, akamwomba msamaha, na muuguzi akajibu haraka kwamba hana hela za kukopesha. "Kijembe kimeingia butu!" walicheka kwenye chumba cha chai. Hakikuwa butu. Kilikuwa kimejifunza cha kukata.

Na utepe je? Hakuugusa tena. Lakini hapa ndipo mwiba ulipobaki: aliacha, hakusema. Bati la biskuti lilikaa pale pale rafuni, na kila alipofumba macho kuomba, lilimjia. Alijiambia kwamba Shangazi anastaafu, ya nini kumharibia mama wa watu mwisho wa safari? Akaliita jambo hilo heshima. Moyoni alijua jina lake halisi ni woga.

Alhamisi hiyo, saa tatu asubuhi, aliletwa mwalimu mmoja wa hisabati akiwa amejikunja kama mkasi. Kidole tumbo. Daktari wa upasuaji alimbonyeza mara moja tu, akasema, "Huyu hangoji. Sasa hivi." Furushi la kazi hiyo lilikuwa ndio kwanza limeingia kwenye mashine. Shangazi akamtuma Kijembe wodini kuchukua vyombo vichafu. Akiwa njiani kurudi na karai mikononi, taa za korido zikazimika, jenereta ikakohoa ukutani, zikawaka tena. Lakini Kijembe alijua, kama alivyojua kila mtu wa nyuma kule, kwamba jenereta ile ililisha taa na oksijeni peke yake. Mashine ya mvuke haikupewa hata tone.

Akaingia chumbani. Mlango wa duara ulikuwa wazi. Mshale wa mashine ulikuwa umelala.

"Shangazi, furushi la mwalimu liko wapi?"

"Limekwenda."

"Limekwendaje, na mashine imezimika kabla hata utepe haujageuka?"

"Limekwenda linakokwenda mafurushi. Maswali gani haya ya polisi? Weka karai chini, osha."

Kijembe akanyoosha mkono rafuni, akafunua bati. Jana aliona vipande vinne chini ya kifuniko. Leo vilikuwa vitatu.

"Shangazi."

"Usiniite hivyo kama mtu anayeita mwizi." Mama yule alikuwa anakunja kitambaa, na kitambaa kilikuwa kinakataa kukunjika. "Vyombo nimevisugua mwenyewe kwa dawa mpaka vinang'aa. Nusu shari kuliko shari kamili."

"Hii si nusu. Hii ni shari nzima imevalishwa kitambaa cha kijani."

"Ohoo! Na fundi cherehani aliyeshona vazi hilo ni nani?" Shangazi akakitupa kitambaa mezani. "Sema! Mimi nilikuwa bibi wa watu, sijui ujanja, najua kupika visu na kwenda nyumbani. Aliyenifundisha kubandua utepe ni nani? Leo umeokoka, umepanda juu, umeivuta ngazi, mimi uniache chini na matope uliyoyakoroga?"

Neno hilo lilimpata Kijembe pale pale lilipolengwa. Ukutani saa ilikuwa inasema tik, tik, na huko mbele mtu alikuwa ananawa mikono.

"Ni kweli," akasema hatimaye. "Ni mimi. Ndiyo maana nakwenda."

Shangazi akausogelea mlango. Hakuuziba, alisimama tu kando yake, na sauti yake ikashuka. "Mwanangu. Miezi mitatu. Nimebakiza miezi mitatu niagane na watu kwa heshima. Ukivuka hapo, usinijue, nami sikujui."

Huyu ndiye aliyemchana nywele asubuhi ya mazishi ya baba yake. Huyu ndiye aliyelala njaa ili yeye apate daftari la shule. Kijembe alitamani shangazi yake angekuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi mno.

"Bwana," alisema kimoyomoyo, "usiniache nikawa utepe." Akavuka.

Katika korido ile ni marufuku kukimbia. Alikimbia. Mbele ya chumba cha upasuaji kuna mstari mwekundu sakafuni ambao hauvukwi na viatu vya nje hata na mkuu wa hospitali. Kijembe aliuruka na ndala zake zinazovuja maji, akausukuma mlango kwa bega.

Mwalimu alikuwa mezani, macho wazi, amefunikwa mpaka kifuani. Daktari alisimama mikono juu, maji yakimchuruzika viwikoni. Muuguzi alikuwa ameshika ncha ya utepe tayari kuubandua.

"Daktari, usikate!"

"Nani huyu? Mtoeni na ndala zake!"

"Nitatoka. Lakini kwanza tazama kadi."

"Kadi gani?" Daktari alikuwa na miaka kumi na miwili akipasua watu, na uso wake ulionyesha wazi kwamba hajawahi kusikia habari za kadi.

Muuguzi alizisikia, zamani, chuoni. Akafungua furushi polepole, akaingiza koleo katikati ya visu, akaitoa. Aliigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, kana kwamba rangi imejificha nyuma. Kadi ilikuwa nyeupe pe.

"Lakini utepe ni mweusi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetetea nyumba yake.

"Utepe ni wa furushi jingine. Umebanduliwa ukabandikwa hapo. Ujanja huo nimeubuni mimi, miaka miwili iliyopita, na nimeufanya kwa mikono hii mara nisizoweza kuzihesabu. Miezi minane sijaufanya, ila sikumwambia mtu."

Mtu wa nusukaputi, sindano mkononi, aliangalia dari.

"Samahanini," mwalimu akasema kutoka mezani, meno yameumana. "Nakatwa au sikatwi?"

"Furushi jingine!" Daktari akafoka.

"Yote yako kwenye mashine, na yote mabichi," Kijembe akajibu. "Kuna chungu kidogo cha mvuke, kinakaa juu ya jiko la gesi. Nipe dakika arobaini."

"Dakika arobaini! Tumbo hilo unalionaje? Na kidole kikipasuka ndani ya hizo dakika arobaini zako?"

"Kitakuwa juu yangu."

"Juu yako? Kitakuwa ndani ya tumbo la mwalimu, we msichana!" Daktari akavitazama visu vyake vinavyong'aa, akaitazama kadi, akavitazama visu tena. Kisha akateremsha mikono. "Kimbia."

Chungu kilikuwa kizito, kifuniko chake kina skrubu sita, na skrubu ya nne ilimponyoka Kijembe mara mbili. Aliosha vyombo, akatia kadi mpya katikati, akafunga, akawasha. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amempa mgongo. Mshale ulipanda kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Ulipofika kwenye alama nyekundu, Kijembe akaanza kuhesabu dakika thelathini.

Dakika ya kumi, mwalimu akasikika kutoka ng'ambo ya korido. Haikuwa kelele, ilikuwa mlio mrefu kama wa mlango usiotiwa mafuta.

"Msikilize," Shangazi akasema bila kugeuka. "Furahi. Mtu anakufa kwa ajili ya kikaratasi."

Miezi minane nyuma Kijembe angekuwa na majibu matano, yote yenye makali. Sasa alikuwa na jambo moja tu, na hilo alikuwa anamwambia mwingine, midomo ikicheza bila sauti. Hakuomba mwalimu apone ili yeye aonekane shujaa. Aliomba apone, basi. Na katikati ya kuomba akajiuliza: je, kama amekosea? Je, visu vile vingetosha? Hakuna taa iliyomwakia ikimwonyesha mwisho wa jambo. Iliyowaka ilimtosha hatua moja, na hatua hiyo ilikuwa kusimama hapo.

Dakika ya kumi na nane, moto wa gesi ukageuka wa manjano. Ukasinyaa. Mshale ukatikisika.

"Hapana," Kijembe akasema. "Hapana, hapana." Akautikisa mtungi. Mwepesi kama debe tupu. Mshale ukishuka chini ya alama, kuhesabu kunaanza upya tangu moja, na mwalimu hakuwa na thelathini nyingine za kutoa. Mtungi wa pili ulikuwa chumba cha chai, ng'ambo ya korido, na jiko hili haliwezi kuachwa bila mtu.

Akageuka kumwomba Shangazi. Kiti kilikuwa kitupu.

Kwa muda wa pumzi kumi alikuwa peke yake na moto unaokufa. Kisha akasikia chuma kikiburuzwa sakafuni. Shangazi aliingia kinyumenyume, jasho likimtiririka, akiuvuta mtungi wa chai kwa mikono miwili na kuusukuma kwa goti. Bila kusema neno akainama, akachomoa mpira kwenye mtungi wa kwanza, akauchomeka kwenye wa pili, akakaza kwa kiganja, akapiga kiberiti. Moto ukaruka, bluu. Mshale ulikuwa umesimama juu ya alama kwa upana wa ukucha.

"Nimeuleta kwa ajili ya mwalimu," Shangazi akasema, akihema. "Si kwa ajili yako."

"Asante, Shangazi."

"Usiniite."

Dakika ya ishirini na nne muuguzi akachungulia. "Daktari anasema inatosha! Lete furushi!"

"Bado sita."

"Nimesema daktari anasema..."

"Na mvuke unasema sita."

Muuguzi akamtazama Shangazi, ambaye ndiye mkuu wa chumba. Shangazi aliutazama mshale. "Umemsikia," akasema.

Kadi iliyotoka ndani ya furushi lile ilikuwa nyeusi kama chungu kikuukuu cha bibi. Safari hii daktari aliitazama mwenyewe.

Kidole tumbo kilikuwa kimeshaanza kuvuja. Sitadanganya ili hadithi inyooke: zile dakika zilimgharimu mwalimu. Daktari alisafisha tumbo kwa muda wa saa nzima, akaacha mpira wa kutolea maji ubavuni, na mgonjwa ambaye angerudi kwa wanafunzi wake baada ya siku tatu alilala wodini siku kumi na moja. Aliishi. Je, visu vya awali vingemuua? Hakuna ajuaye, na daktari alisema hivyo kwa sauti kubwa koridoni, mara tatu, watu wasikie.

Jumatatu wakaitwa ofisini kwa mkuu wa hospitali. Ofisi ilikuwa na feni moja na viti vinne, daktari amekalia kimoja, Shangazi kingine. Mezani palikuwa na karatasi mbili.

Ya kwanza aliiandika Kijembe kwa mkono wake. Ilikuwa maungamo ya utepe, mwanzo hadi mwisho, na orodha ya siku zote alizozikumbuka, ili wagonjwa wa siku hizo watafutwe. Jina la mtu mwingine halikuwemo. Mkuu alipouliza nani aliubandika utepe wa Alhamisi, Kijembe alinyamaza, na feni ikazunguka mara nyingi kabla Shangazi hajasafisha koo.

"Mimi," akasema. "Msimtazame mtoto. Ni mimi."

Mkuu akaandika. Kisha akaisukuma mbele karatasi ya pili, iliyopigwa chapa tayari, imeachiwa nafasi ya sahihi. Ilisema kwamba mhusika anaomba radhi kwa kuvuka mstari mwekundu na viatu vichafu, kwa kumfokea daktari mbele ya mgonjwa, na kwa kuuchelewesha upasuaji hadi hali ya mgonjwa ikazidi kuwa mbaya.

"Ukitia sahihi hapa, yote haya tunayamaliza humu ndani," mkuu akasema. "Utapewa onyo. Mama naye atastaafu kimyakimya. Usipotia, mafaili yote mawili yanakwenda juu, na huko mimi sina mkono. Kazi utakuwa huna."

Daktari aliangalia dirishani. Shangazi akamshika mkono binti wa kaka yake, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kiganja chake kilikuwa na malengelenge ya mtungi wa gesi.

"Sahihi tu, mwanangu," akanong'ona. "Neno dogo. Wewe si siku hizi unaomba msamaha hata kwa wafagiaji? Limekushinda hili?"

Kijembe akaufunika mkono ule kwa mkono wake wa pili. Macho yake yalikuwa yamejaa, ila sauti yake ilitoka kavu.

"Shangazi, kwako naomba radhi, nimekufundisha uovu halafu nikakuachia. Kwa mwalimu nimeshakwenda, nimepiga magoti kitandani kwake, na nitakwenda tena. Kwa kila aliyepasuliwa chini ya utepe wangu nitaomba mpaka sauti inikauke." Akaisukuma karatasi kwa kidole kimoja, ikateleza juu ya meza ikarudi kwa mkuu. "Kwa kukizuia kisu kile, siombi radhi."